Mita janja ianzie kwenye transfoma

Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2024 ilipita bila kishindo, na huo ndio uliokuwa ushindi wenyewe. Siku hiyo mita za umeme wa kulipia kabla zinazotumia mfumo wa tokeni uitwao STS, LUKU za Tanzania zikiwemo, ziliishiwa nafasi ya kuhesabia muda. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake, kwa maandishi ya siri, dakika iliyotolewa, na dakika hizo zilikuwa zikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Ndiyo maana kwa miezi kadhaa kabla ya hapo mteja wa TANESCO aliyenunua umeme alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja: mawili ya kwanza ya kubadili ufunguo wa mita, la tatu ndilo lenye umeme. Kenya Power waliwahimiza wateja wao vivyo hivyo. Afrika Kusini, mfumo ulikozaliwa, ilifika siku ya mwisho ikiwa na mita zaidi ya milioni moja ambazo hazijabadilishwa ufunguo. Zoezi lile liliwaonyesha watu jambo ambalo mafundi walikuwa wakilijua siku zote, kwamba kile kiboksi ukutani ni kompyuta, na kompyuta huzeeka. Likaamsha pia hoja inayosikika sasa ofisini na mitaani: kama mita za zamani zina usumbufu wa namna hii, kwa nini zisiondolewe zote, zifungwe mita janja zinazozungumza zenyewe na makao makuu, umeme ukiingia bila mtu kubonyeza tarakimu hata moja?

Hoja ina mvuto, na TANESCO limekwisha kuanza kuzifunga mita za aina hiyo. Ninachopinga ni mpangilio wake. Mita janja ina kazi kubwa ya kufanya katika gridi yetu, lakini mahali pake pa kwanza ni kwenye transfoma, kwenye fida (laini kuu inayolisha transfoma) na kwa mteja mkubwa. Kuipeleka kwanza kwenye ukuta wa kaya yenye taa nne, televisheni na friji ndogo ni kununua kwa bei ya juu faida ambayo kaya hiyo ilikwisha kuipata siku ilipofungiwa LUKU.

Tuanze na faida hizo, kwa sababu wanaozitaja mara nyingi huzichukua kutoka nchi ambazo hazikuwa na LUKU. Mfano unaopendwa ni Italia. Kati ya mwaka 2001 na 2006 kampuni ya Enel ilibadilisha mita takriban milioni 30 kwa gharama ya zaidi ya euro bilioni 2, na ikaeleza kwamba ilikuwa ikiokoa karibu euro milioni 500 kila mwaka. Ni hesabu nzuri. Lakini fedha hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kuacha kutuma wasoma mita nyumba kwa nyumba, kuacha kutuma fundi kila mteja anapohama au asipolipa, kuacha bili za kukadiria na ugomvi wake, na kubana wizi. Sehemu kubwa ya orodha hiyo Tanzania ilikwisha kuimaliza tangu LUKU ilipoanza kuenea katika miaka ya 1990. Msoma mita wa nyumbani hayupo tena. Bili ya kukadiria haipo. Deni la kaya halipo, kwa kuwa umeme hulipiwa kabla ya kuwashwa, na uniti zikiisha mita hukata yenyewe bila gari la shirika kuwasha injini. Mwitalia wa mwaka 2000 alikuwa akiruka kutoka kwenye mita ya kisahani kinachozunguka hadi mita inayosomwa kwa mbali. Sisi tuko katikati ya mruko huo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida ndogo zaidi kwa mteja mdogo.

Faida nyingine inayotangazwa ni kwamba mtu akiona matumizi yake hupunguza. Ni kweli, ila kwa kiasi. Uingereza, ambako mita janja hufungwa pamoja na kioo kidogo cha kuonyesha matumizi, tathmini za serikali ziliona upungufu wa takriban asilimia 2 hadi 3 ya umeme. Tuchukue hiyo 3 na tuipeleke kwa mteja wa daraja la chini kabisa, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizoidhinishwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, mwaka 2016, uniti yake ni shilingi 100, hivyo mwezi mzima analipa shilingi 7,500 kabla ya kodi na tozo. Asilimia 3 ya hapo ni shilingi 225. Kwa mwaka ni shilingi 2,700. Kwa miaka 15, ambayo ni umri wa haki kwa mita ya kielektroniki, ni shilingi 40,500. Ufaransa mradi wa mita milioni 35 ziitwazo Linky ulikadiriwa kugharimu euro bilioni 5.7, karibu euro 163 kwa kila mita ukijumlisha ufungaji na mitambo ya nyuma yake. Hata tukinunua kwa nusu ya bei hiyo, au robo, hesabu haifungi. Na bado nimekuwa mkarimu, kwa sababu mteja wa LUKU tayari anaziona uniti zake zikishuka na tayari huzima friji mwisho wa mwezi. Akiba hiyo ya asilimia 3 huenda alikwisha kuifanya miaka 20 iliyopita.

Anayetetea mita janja kwa umakini atasema nimeigusa faida isiyo kuu. Kubwa, atasema, ni upotevu. Hapo yuko kwenye jambo zito. Katika gridi ya Tanzania karibu asilimia 15 ya umeme hupotea kabla haujalipiwa, na Kenya hali ni mbaya zaidi, takriban asilimia 23. Sehemu ya upotevu huo ni ya kifizikia, nyaya ndefu na transfoma zilizoelemewa zikigeuza umeme kuwa joto. Sehemu nyingine ni wizi: mita iliyochezewa, waya uliounganishwa kabla ya mita, kazi za vishoka wanaojifanya watu wa shirika. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na kuzalisha vizuri halafu kuvujisha njiani ni hasara ya nchi nzima. Swali ni kama mita janja ndani ya nyumba ndiyo inayoziba tundu hilo.

Fikiria mwizi wa kawaida anavyofanya. Huleta waya kutoka kwenye nguzo, akaupitisha pembeni ya mita, na kuuingiza kwenye pasi, jiko au mashine ya kuchomelea. Umeme uliopita pembeni ya mita haupiti ndani yake, na mita haiwezi kupima kisichoipitia, iwe janja au iwe ya mwaka 1998. Itatuma makao makuu kila nusu saa taarifa nadhifu kabisa kwamba nyumba hii inatumia kidogo. Ni kweli kwamba mita janja hupiga kelele ikifunguliwa kifuniko au ikitegewa sumaku, na hilo si jambo dogo, lakini mwizi mjuzi haigusi. Kinachomkamata ni ulinganisho: umeme uliotoka kwenye transfoma ni uniti ngapi, na nyumba zote zilizo chini ya transfoma hiyo zimelipia uniti ngapi. Ulinganisho huo unahitaji mita moja nzuri, inayosomwa kwa mbali, kwenye transfoma. Upande wa pili wa hesabu tayari upo, kwa kuwa kila tokeni inayouzwa huandikwa kwenye kompyuta ya mauzo kwa namba ya mita. Mtu akinunua tokeni leo si lazima aitumie leo, hivyo mwezi mmoja unaweza kudanganya. Miezi mitatu au minne haidanganyi. Transfoma moja ya mtaani huhudumia makumi ya nyumba, wakati mwingine zaidi ya mia. Mita moja badala ya mia ndiyo tofauti ya gharama tunayoizungumzia.

Patakuwa na pingamizi kwamba mita ya transfoma huonyesha mtaa na si nyumba. Ni sawa, lakini kuujua mtaa ni nusu ya safari, na nusu nyingine imo kwenye kumbukumbu za mauzo. Nyumba ambayo taa zake zinawaka na haijanunua tokeni kwa miezi mitano inajitaja yenyewe. Kwa fundi wa ukaguzi, orodha ya nyumba sita katika mtaa unaojulikana kuvuja ina thamani kuliko taarifa za nusu saa kutoka nyumba laki moja. Ugumu halisi uko kwingine, na wahandisi wanaujua: ili ulinganisho ufanye kazi, shirika lazima lijue kwa uhakika kila mteja yuko chini ya transfoma ipi. Wateja huhamishwa kutoka transfoma moja kwenda nyingine mzigo unapozidi, nguzo hubadilishwa, na daftari hubaki nyuma. Kulisahihisha daftari hilo ni kazi ya miguu, jua na vumbi, haina utepe wa kukatwa na waziri. Nashuku ndiyo sababu haisikiki sana kwenye hotuba. Lakini bila hiyo, hata mita janja milioni moja zitakuwa zikituma takwimu zisizo na pa kulinganishwa.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wa ujanja wa mita unalifunika, nalo ni uhaba wa mita zenyewe. Katika nyumba za kupanga za Manzese, Tandika, Mabatini au Unga Limited, LUKU moja huhudumia vyumba vitano, sita, kumi. Wapangaji huchanga, na kila mchango huzaa ugomvi: mwenye friji na mwenye taa moja walipe sawa? Wengi wanauona huo kuwa ugomvi wa majirani tu. Una chanzo chake kwenye bei. Chukua vyumba sita, kila kimoja kikitumia uniti 20 kwa mwezi. Kila kimoja kingekuwa na mita yake, kingelipa uniti kwa shilingi 100, jumla shilingi 2,000. Vikiwa pamoja, mita inasoma uniti 120, nyumba inatoka kwenye daraja la mteja mdogo na kuingia daraja la kawaida la shilingi 292 kwa uniti. Jumla ni shilingi 35,040, na kila chumba shilingi 5,840. Maskini sita waliowekwa kwenye mita moja wanahesabiwa kuwa tajiri mmoja. Ruzuku iliyotungwa kwa ajili yao inampita kila mmoja wao na kumfikia mwenye nyumba ndogo ya peke yake, ambaye pengine ana hali bora kuliko wao.

Dawa ya tatizo hilo ni mita nyingi za kawaida, za bei nafuu, kila chumba na yake, na utaratibu wa kuziunganisha usiomtaka mpangaji alipe kama anajenga nyumba. Ilipopandishwa mwaka 2022, ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini ilifika shilingi 320,960 kwa aliye ndani ya meta 30 kutoka kwenye nguzo. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kutoa fedha hiyo kwa nyumba isiyo yake. Shirika likiwa na fedha ya kununua mita milioni moja mpya, kugawa mita zinazochangiwa kungewapunguzia watu gharama ya maisha mwezi huohuo. Kuzibadilisha mita ambazo bado zinafanya kazi hakuna matokeo ya namna hiyo.

Nakuja kwenye malalamiko ya wateja, na hapa sitasimama upande wao moja kwa moja. Kila mahali mita inapobadilishwa husikika kwamba mpya "inakula umeme". Mara nyingi mita haina kosa. Mita za kisahani huchoka zikizeeka; msuguano huongezeka, kisahani husuasua, na mzigo mdogo kama wa taa moja au redio huenda usikizungushe kabisa. Mteja huzoea kupunjiwa kwa faida yake, na siku mita sahihi inapofungwa anaona ameibiwa. Huko Bakersfield, California, wateja wa kampuni ya PG&E walikwenda mahakamani mwaka 2009 wakidai mita janja zimepandisha bili zao; wachunguzi walioajiriwa na mamlaka ya udhibiti walihitimisha mwaka uliofuata kwamba mita zilipima sawasawa, na kwamba joto kali na bei mpya ndivyo vilivyopandisha bili. Hata hivyo, kumpuuza mlalamikaji nako ni kosa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wakiongozwa na Profesa Frank Leferink, walichapisha majaribio ya maabara ambamo baadhi ya mita za kielektroniki zilisoma hadi asilimia 582 juu ya matumizi halisi zilipounganishwa na taa za kubana matumizi na swichi za kupunguza mwanga, huku nyingine zikisoma pungufu. Mazingira ya majaribio yale yalikuwa makali kuliko ya nyumba nyingi, lakini yalithibitisha kwamba mita inaweza kupita kwenye cheti na bado ikakosea mbele ya vifaa vya siku hizi. Jibu la haki ni upimaji wa mtu wa tatu. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya dukani na pampu ya petroli. Mteja anayeitilia shaka mita yake naye awe na njia ya wazi, ya bei nafuu, ya kuipeleka ipimwe pasipo anayemuuzia umeme kuwa ndiye mhakiki pekee.

Tofauti ambayo mteja anapaswa kuielewa kuliko zote ni ya mamlaka. LUKU ya kawaida ni sikio lisilo na mdomo: hupokea namba, haitumi kitu, na hakuna mtu aliyeketi ofisini anayeweza kuizima. Mita janja husikia na kujibu, na ndani yake mna swichi inayoweza kufunguliwa na kompyuta iliyo mkoa mwingine. Serikali imekwisha kuonyesha kwamba mita ni mahali pazuri pa kukusanyia mambo yasiyo umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mpangaji amejikuta akilipa kodi ya jengo la mwenye nyumba halafu akimfuata arudishiwe. Mtu anaweza kuutetea utaratibu huo kwa urahisi wake wa kukusanya. Lakini ukiuweka kando ya mita yenye swichi ya mbali, unaona njia ilivyo fupi kati ya kukata kodi kwenye tokeni na kuzima umeme wa mwenye deni ambalo halihusiani na umeme.

Nchini Uingereza njia hiyo ilipitwa kwa sura nyingine. Katika majira ya baridi ya mwaka 2022 kuelekea 2023, bei zikiwa zimepaa, kampuni za nishati ziliwahamishia wateja wenye madeni kwenye malipo ya kabla, wengine kwa mafundi kuingia nyumbani kwa amri ya mahakama, wengine kwa kubofya tu, kwa kuwa mita janja hubadilishwa kwa mbali. Gazeti la The Times lilipofichua Februari 2023 jinsi mawakala wa British Gas walivyokuwa wakiingia hata kwenye nyumba za watu dhaifu, mamlaka ya Ofgem ilizitaka kampuni zisimamishe kulazimisha mita hizo, kisha ikatunga masharti mapya. Sheria ilikuja baada ya madhara. Hapa kwetu masharti yaandikwe mapema: swichi ya mbali itumike kwa umeme tu, isitumike kwa kodi, faini wala deni la maji, nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine isizimwe bila mtu kufika, na kila kuzimwa kuwe na kumbukumbu ambayo mteja anaweza kuidai.

Suala la faragha nitalipitia haraka, si kwa udogo wake bali kwa kuwa limekwisha kutafunwa na wengine. Mwaka 1989 George Hart wa MIT, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba ukiusoma waya mkuu unaweza kutambua ni kifaa gani kimewashwa ndani, aliandika mwenyewe kuonya kwamba mbinu hiyo ni chombo cha kuchungulia watu. Baraza la juu la bunge la Uholanzi lilikataa mwaka 2009 kuwalazimisha wananchi kuzipokea mita hizo kwa sababu ya faragha. Mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2018, katika kesi ya mji wa Naperville, Illinois, ilisema kukusanya matumizi ya nyumba kila dakika 15 ni upekuzi kikatiba, ingawa ikauona upekuzi huo kuwa wa kiasi kinachokubalika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia, kwa hiyo chombo kipo. Kinachotakiwa ni kiwango kidogo cha ukusanyaji: kwa kaya, jumla ya siku inatosha kwa karibu kila kazi halali ya shirika. Takwimu za kila nusu saa ziwe kwa anayekubali, kwa mfano anayetaka bei nafuu ya usiku.

Wauzaji wa mita hupenda kusema kwamba za zamani zimechakaa na mpya ni za kudumu. Uzoefu haukubaliani nao. Mita ya kisahani iliweza kuishi miaka 30 au 40 kwa sababu haikumtegemea mtu mwingine. Mita janja hutegemea mtandao wa simu, na mtandao una umri wake. Uingereza ilifunga mamilioni ya mita za kizazi cha kwanza ambazo nyingi zilipoteza ujanja wao mteja alipohama kampuni; kufikia mwishoni mwa mwaka 2023 mita karibu milioni 4 zilikuwa hazifanyi kazi ya ujanja inavyotakiwa, na mitandao ya 2G na 3G inayozibeba nyingi kati yake itazimwa yote ifikapo 2033. Nchi hiyohiyo ilikuwa na mita za bei ya usiku zilizopokea amri ya kubadili bei kupitia mawimbi marefu ya redio, yaleyale yaliyorusha matangazo ya BBC Radio 4 kutoka Droitwich, na kuanzia tarehe 30 Juni 2025 huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu kwa kuwa mitambo imezeeka. Tukifunga leo mamilioni ya mita zenye modemu ya 2G, tunajiwekea tarehe ya mwisho ambayo hatuidhibiti. LUKU zilizobadilishwa ufunguo mwaka 2024, kwa upande wake, zimepewa hesabu mpya inayoanzia 2014 na kuisha mwishoni mwa 2045. Nyingi zitakufa kwa uzee wa vipuri kabla ya hapo, na kila inayokufa ibadilishwe, lakini hakuna saa inayotukimbiza kuzing'oa zilizo hai.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha hadi hapa, nalo ni la jiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034, na sehemu ya kaya hizo zitahamia kwenye umeme, hasa majiko ya presha yanayopika maharage kwa uniti chache. Zikipika zote saa moja jioni, kilele cha mahitaji kitapanda na transfoma za mtaani zitaungua. Kuwashawishi watu wapike mchana kwa bei nafuu kunahitaji mita inayojua saa. Nakubali. Lakini tazama Ujerumani, nchi isiyokosa fedha wala wahandisi: uchambuzi uliofanywa na Ernst & Young mwaka 2013 ulionyesha kwamba kufungia kila kaya mita janja hakulipi, na sheria ya mwaka 2016 ikaelekeza mita hizo kwanza kwa wanaotumia zaidi ya kilowati-saa 6,000 kwa mwaka na kwa wenye mitambo ya jua ya ukubwa fulani. Mteja wetu wa uniti 75 anatumia 900 kwa mwaka. Mpaka wa Tanzania hauwezi kuwa 6,000, lakini uwepo: hoteli, mashine za kusaga, maghala ya baridi, wachomeleaji, kaya kubwa, wenye paneli wanaotaka kurudisha umeme kwenye gridi, na kaya yoyote inayoomba kwa sababu imenunua jiko. Hao wana kitu cha kuhamisha kutoka jioni kwenda mchana. Mwenye taa nne atahamisha nini, giza?

Linabaki lile la tarakimu. Kubonyeza namba 20 ni adha kwa mzee asiyeona vizuri, kwa mwenye rimoti iliyoisha betri, kwa aliyekosea tarakimu ya 17 saa sita usiku. Mita inayojijaza yenyewe ingewafaa sana, na hao wawe wa kwanza kupewa miongoni mwa wateja wadogo, mradi vibonyezo vibaki kwa siku mtandao utakapoanguka na fedha ikawa imekwisha kulipwa.

Kwa EWURA, ambayo ndiyo hupitisha gharama gani ziingie kwenye bei ya umeme, kazi ni ya kawaida tu: kulitaka shirika lilete hesabu ya faida na gharama kwa kila kundi la wateja, si wastani wa nchi nzima unaoficha mteja mdogo nyuma ya kiwanda cha saruji, na kuitoa hadharani. Ufaransa hesabu ya namna hiyo ilifanywa na mahakama yake ya ukaguzi wa hesabu za umma, ikasema mradi wa Linky uligharimu sana na faida yake imemwendea msambazaji Enedis zaidi ya mteja. Ripoti hiyo ilitoka Februari 2018, zaidi ya miaka miwili baada ya ufungaji kuanza, mamilioni ya mita yakiwa tayari ukutani.